Maji ya Nyumba ya Ġuża

Saa tatu asubuhi ya Jumanne, Annelies alitoka bafuni akiwa na taulo moja na povu kichwani, akashuka ngazi za mawe mbio mpaka barabarani, na pale katikati ya kijiji cha Wileġ, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kahawa mlangoni mwa klabu, akatapika. Mkononi alikuwa ameshika nywele. Hazikuwa zake. Zake zilikuwa fupi na nyekundu. Hizi zilikuwa nyeupe, ndefu, zimesokotana, na zilikuwa zimetoka kwenye bomba la kuogea.

Annelies ni Mholanzi. Alikuwa amekuja peke yake kukagua nyumba, kwa sababu mwezi wa Oktoba wazazi wake wangetimiza miaka hamsini ya ndoa, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga likizo ya ukoo mzima. Alikuwa akiipanga kwa miaka miwili. Alivilinganisha visiwa vyote vya bahari hii, akapima ngome za hiki na mahekalu ya kile, na mwisho akakichagua kisiwa chetu cha Għawdex kwa sababu ya tangazo moja. Tangazo lilisema nyumba ina kisima cha kale, na kwamba mgeni ataoga maji ya mvua kama walivyooga mashujaa wa Msalaba. Upuuzi mtupu. Mashujaa wale, kwa habari tulizorithi hapa, walikuwa hawaogi kabisa.

Polisi walifika kabla ya saa nne. Kisima kilikuwa uani, kimechongwa ndani ya mwamba, na kifuniko chake kilikuwa kimezibwa kwa saruji pande zote, kimeachiwa tundu dogo tu la kupitisha mpira wa pampu. Walikivunja kwa nyundo na patasi. Kilipoinuka, askari wawili walikimbilia ukutani, na Inspekta Lukrezia Portelli, mwanamke mwenye zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, alifunika pua kwa kitambaa na kugeuza uso. Kilichotolewa mle sitakieleza, kwa heshima ya marehemu. Alikuwa Ġuża Refalo, bibi mzee ambaye hakuolewa, mwenye nyumba.

Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Ġuża yuko kwa watawa, ng'ambo, kisiwa kikubwa cha Malta, anapumzika.

"Nani aliwaambia?" Inspekta aliwauliza wanaume wa kahawa.

Walitazamana. Huyu aliambiwa na mkewe, mke aliambiwa dukani, duka liliambiwa na mpwa wa marehemu. Kumbe karibu mwezi mzima ulikuwa umepita na hakuna hata mmoja aliyeinua simu kuuliza hali ya mgonjwa. Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, na kwa namna alivyowatazama, kahawa yao haikumalizika.

Daktari alitanguliza kwamba siku kamili hawezi kuitaja. "Wiki nne hivi, Inspekta. Siku chache mbele au nyuma. Maji ya kisima ni baridi, halafu kuna mtu amemwaga dawa ya kusafishia humu, tena nyingi. Jeraha kichwani lipo, lakini alikufa kwa maji. Alikuwa hai alipoingia."

Aliyemwaga dawa hakufichika. Alikuwa Etienne, kijana wa Malta anayewatafutia wageni nyumba za likizo, mwenye viatu visivyo na soksi na simu mbili. Alihojiwa jikoni mwa marehemu, saa saba mchana.

"Kabla ya huyu Mholanzi, nani wengine walilala humu?"

"Makundi mawili tu. Familia moja, halafu vijana wa harusi."

"Wakaoga?"

"Inspekta, wageni huoga."

"Wakalalamika?"

Etienne alizipanga simu zake mbili mezani. "Walisema maji yana harufu. Nikadhani ni majani yameoza. Nikamwaga dawa, nikatia na manukato ya limau kidogo. Vijana wa harusi waliipenda sana ile limau."

"Hukufungua kifuniko?"

"Kilikuwa kimeshazibwa. Bi Ġiljana, mpwa wa marehemu, alikiziba mwenyewe aliporudi kutoka Sisili. Aliniambia ni kwa usalama wa watoto. Mimi nikapitisha mpira tundu lile nikaunganisha na bafu. Ni mambo ya kawaida kabisa hayo. Nyumba zangu zote zina kifuniko imara."

"Toka mbele yangu," Inspekta alisema, "lakini usitoke kisiwani."

Sajini Mikiel, aliyekuwa akiandika, alikuwa ameiacha bilauri yake ya maji mezani bila kuigusa. Siku ile hakuna aliyekunywa maji Wileġ. Watu walikunywa bia.

Jina la mtuhumiwa lilikuwa tayari mdomoni mwa kijiji kabla maiti haijafika hospitali: Wistin, mzee wa nyumba ya pili, ambaye zamani alikuwa fundi wa fataki. Kuelewa kwa nini, lazima ujue kwamba Wileġ ina kanisa moja na bendi mbili. Kuna klabu ya Tai, wekundu, ambao sikukuu yao ni Julai. Na kuna klabu ya Nyota, watu wa bluu, ambao sikukuu yao ni Jumapili ya tatu ya Agosti. Mtu huzaliwa nayo rangi yake na huzikwa nayo. Watu wamesusiana harusi na mazishi kwa ajili ya rangi hizo, na daktari wa meno aliwahi kukosa wateja wa nusu ya kijiji kwa sababu ya mlango alioupaka rangi ya upande mmoja. Wistin alikuwa Tai mpaka kwenye mifupa. Ġuża alikuwa Nyota. Walipakana ukuta maisha yao yote.

Na Julai, siku ya maandamano ya wekundu, mbele ya watu, Wistin alimwambia Ġuża kwamba atamtumbukiza kisimani.

"Nilimwambia, ndiyo," Wistin alikiri kituoni, jioni hiyo. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mkono wa kushoto uliopungua vidole viwili kwa baruti. "Na yeye akaniambia atanipikia mchuzi wa panya. Tumeambiana hivyo tangu tuna meno yote. Inspekta, ukimkamata kila mtu aliyetishana na jirani yake Wileġ, utahitaji gereza kubwa kama kanisa."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Kumwona? Sisi tulikuwa hatutazamani."

"Basi ulijua lini kwamba yupo?"

"Jumapili ya sikukuu yao alikuwepo. Ufunguo ulikuwa mlangoni, nje, kutwa nzima. Jioni ukatolewa."

Inspekta hakuhitaji kuelezwa. Kwetu wazee huacha ufunguo kwenye kitasa upande wa barabara. Maana yake nipo, sukuma uingie. Usiku ukiingia, ufunguo hutolewa ukawekwa ndani.

"Na redio," Wistin aliendelea. "Tangu Ijumaa redio inasali rozari kwa sauti ya kupasua masikio. Nikagonga ukuta kwa fagio. Hakupunguza."

"Huwa anapunguza?"

"Apunguze? Huongeza! Lakini kwanza hunitukana. Safari ile hakunitukana hata kidogo. Nikasema kanidharau."

"Jumatatu je?"

"Jumatatu ufunguo haukuwepo. Wakasema kaenda kwa watawa. Nikasema, mungu wangu, angalau nitalala." Akavuta kamasi. "Sasa nitagombana na nani mimi? Niambie. Na huyu kijana wa limau?"

Sajini Mikiel alimsindikiza mzee mahabusu, akarudi akitikisa kichwa. "Anajifunga kamba mwenyewe, Inspekta. Marehemu alikuwa hai Jumapili, kwa maneno yake. Mpwa na mumewe walipanda meli ya Sisili Jumatatu alfajiri, wakakaa wiki nzima, kila siku picha mtandaoni, huku wanakula samaki, huku wanapunga mikono. Sasa nani amebaki ukutani na bibi?"

"Yeye Wistin."

"Yeye Wistin."

"Na muuaji gani atakazana kuniapia kwamba mtu wake alikuwa hai mpaka siku aliyobaki naye peke yake?"

Sajini alikuna kidevu. Jibu lilikuwa kwa mkubwa wao wa Malta. Alipiga simu kabla hawajafunga ofisi. Watu wa Nyota, alisema, wamekusanyika mlangoni mwa klabu ya Tai na wanarusha mayai. Mzee ametamka kitisho hadharani. Afikishwe kwa hakimu kesho mchana, kijiji kitulie. Inspekta alisema sawa, mkubwa, akakata simu, akaifuta kwenye sketi yake kana kwamba imemchafua. Mzee wa miaka sabini na kitu angeingia mahakamani kesho kwa kosa la mauaji, na akishaingia hangetoka. Angefia Malta, kwenye chumba, akitukanwa na watu ambao hata hawajui rangi yake.

Ġiljana waliyemkuta nyumbani kwake alikuwa na macho yaliyovimba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene wa mabega, msafi kupita kiasi. Jiko lake lilikuwa jekundu: mapazia mekundu, sufuria nyekundu, mfuniko wa sukari mwekundu, na ukutani picha yake akicheza chini ya bendi ya Tai na skafu nyekundu shingoni. Alikuwa amezaliwa Nyota, ukoo wa Ġuża wote ni Nyota, lakini aliolewa na Tai. Na waliohamia, kama mjuavyo, ndio wakali kuliko waliozaliwa.

"Shangazi alikuwa mama yangu wa pili," alisema, akiwamiminia kahawa ambayo hawakuinywa. "Kila asubuhi alfajiri nampelekea mkate. Kila jioni supu. Mpaka Jumapili ile ya sikukuu, kabla sijasafiri. Uliza mume wangu, uliza mwoka mikate."

"Jumapili alikuwaje?"

"Furaha tupu. Alikaa roshani akiangalia bendi yake inapita, anapiga makofi. Akaniambia, mwanangu, wiki hii gari la watawa litanichukua, mimi nimechoka na ngazi hizi. Pangisha nyumba kwa wageni, ikusaidie. Ndivyo alivyosema. Roho yake ilikuwa nyeupe."

"Ukarudi kutoka Sisili, ukawapigia watawa?"

"Nilikuwa na shughuli, Inspekta. Wageni walikuwa njiani. Mashuka, mataulo, wale watu wa likizo hawana subira." Alijifuta macho kwa aproni. "Kosa langu ni hilo. Mungu anisamehe. Lakini yule mchawi wa baruti, mumtie ndani asitoke."

"Wewe ni Tai siku hizi?"

"Ndoa ni ndoa tu. Damu yangu ni ya Nyota, ile ile ya shangazi."

Nje, Inspekta alisimama akavuta hewa. "Kuna kitu kinanuka," alisema.

"Inspekta, leo kila kitu kinanuka," Sajini alimjibu.

Walikwenda hoteli moja ya Rabat, mji mkuu wa kisiwa chetu, alikohamishiwa Annelies. Mholanzi alikuwa ameoga mara tano kwa maji ya chupa na ngozi imekuwa nyekundu. Alitaka kujua mambo mawili: kama atapata ugonjwa, na kama kuna nyumba nyingine kijiji hicho hicho, kwa sababu tiketi za watu ishirini na wawili zimeshakatwa na mama yake amependa sana barabara ile.

"Ameipenda lini?" Inspekta aliuliza. "Ameiona wapi?"

Annelies alifungua simu. Etienne alimtumia picha za nyumba mwezi uliopita. Yeye alizituma kwa wazazi wake, mama akalia kwa furaha. Inspekta aliichukua simu. Barabara ilikuwa imejaa jua. Kila roshani ilikuwa imetundikwa kitambaa kizito cha bluu chenye nyota za dhahabu, matao ya taa yamevuka juu, na watu wamevaa nguo za kanisani. Katikati ya yote, nyumba ya Ġuża, mawe yake ya rangi ya asali, ufunguo ukimeta mlangoni, na roshani yake ya mbao ya kijani iko tupu.

Alimpigia Etienne simu pale pale.

"Picha hizi ulizipiga lini?"

"Siku ya sikukuu, Jumapili, saa tano asubuhi. Bi Ġiljana aliniita. Alisema barabara inapendeza."

"Uliingia ndani?"

"Hapana. Alisema shangazi yuko kanisani, tusimsumbue."

"Na roshani. Wewe ndiye uliyeondoa kitambaa?"

"Kitambaa gani? Niliikuta hivyo. Niliipenda, Inspekta. Safi. Wageni hawapendi makorokoro."

Kijana huyu alikuwa wa mjini, Malta, na alitazama bila kuona. Inspekta yeye alizaliwa kijiji cha pili, chenye bendi zake mbili na ugomvi wake. Bibi yake mzaa baba aliwahi kutolewa hospitali na mshono mbichi tumboni ili asimamie kitambaa chake kikitundikwa. Alisimama na simu ya watu mkononi mpaka Annelies akamwomba amrudishie.

Walirudi kituoni. Wistin alikuwa amekaa kitandani mwa mahabusu, hajala.

"Mzee, sikukuu ya Nyota, roshani ya Ġuża. Ilikuwaje?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mzee alicheka. "Tupu! Hukusikia? Tulicheka klabuni mpaka mwenyekiti akapaliwa na karanga. Miaka yote hiyo, wa kwanza kutundika ni yeye, Ijumaa asubuhi kabla hata ya kengele, makusudi ili nikifungua dirisha nikione. Mwaka ule alipovunjika mguu alikitundika na mguu wake wa plasta. Safari hii, tupu. Tukasema, fataki zao zimelowa mvua mwaka huu, bibi kaona aibu, kakubali kushindwa." Kicheko kikamtoka taratibu usoni. "Ġuża kukubali kushindwa," alisema. "Na mimi nikaamini. Mpumbavu mimi."

Jumatano asubuhi, saa mbili, Inspekta alifungua kasha la mbao chumbani kwa marehemu. Mgeni alikuwa amewekewa chumba cha mbele; hiki cha nyuma kilifungwa kwa kufuli, na vitu vyote vya Ġuża vilikuwa vimesukumwa humo kama takataka, sanamu za watakatifu pamoja na viatu. Kitambaa kilikuwa juu kabisa kwenye kasha, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kamba zake za kufungia ni mpya, bado zina karatasi ya dukani. Kilikuwa kimeandaliwa. Mtu aliyekiandaa hakuifikia Ijumaa.

Akamwita Ġiljana. Alikuja na nguo nyeusi na mkoba mweusi, akasimama sebuleni, akatazama kila mahali isipokuwa mlango wa uani.

"Jeneza linaletwa kesho," Inspekta alisema kwa upole. "Watu wa Nyota watasimama nje. Wewe ndiye ndugu pekee aliyebaki. Nimekutolea hiki." Akakitandaza kitambaa juu ya meza. "Kitundike roshani. Ni heshima ya mwisho."

Ġiljana alikitazama. Hakusogea.

"Mgongo wangu," alisema. "Ngazi siwezi."

"Sajini atapanda. Wewe mpe tu mkononi."

"Mwiteni mtu wa klabu yao."

"Yao?"

"Yetu. Klabu yetu. Inspekta, nina uchungu, usinitese."

"Kamata tu ncha hii, Bi Ġiljana, kisije kikaanguka chini."

Inspekta alisukuma pindo la bluu mpaka ukingoni mwa meza, likaanza kuteleza. Ġiljana alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu, kama mtu aliyemwagiwa kitu. Kitambaa kilianguka sakafuni baina yao. Hakuna aliyekiokota.

"Kaa," Inspekta alisema, na upole ulikuwa umekwisha. "Nitakueleza ulichofanya, uniambie nilipokosea. Ġuża hakuiona Jumapili. Hakuiona hata Ijumaa. Ulimuua Alhamisi. Safari yako ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo ulimhitaji aishi mpaka hapo. Alfajiri ulikuja na mkate mbele ya macho ya watu, ukaingiza ufunguo mlangoni, ukawasha redio. Jioni ulikuja na supu, ukazima redio, ukautoa ufunguo. Jirani yake akaapa kwamba alikuwa hai, na kiapo chake kikawa kitanzi chake mwenyewe. Ulikuwa umepanga vizuri. Ulichotakiwa kufanya ni jambo moja zaidi: Ijumaa ile upande roshani ukitundike hiki. Lingekuchukua dakika ngapi? Hakuna ambaye angekuwa na la kusema. Hata mimi."

"Hayo ni maneno," Ġiljana alisema. "Shangazi alikuwa mgonjwa, hakutaka kutundika."

"Jana ulisema alikuwa roshani, anapiga makofi, furaha tupu. Ameketi roshani tupu, siku ya Nyota, anapiga makofi? Ġuża?"

Sajini alitoa sauti puani. Hata yeye aliona.

"Wistin naye ni mwekundu," Ġiljana alisema haraka. "Yeye pia asingekigusa."

"Kweli. Lakini Wistin hakusafiri popote. Hakuwa na sababu ya kumfufua mtu siku tatu. Wewe ulikuwa nayo." Inspekta aliinama, akakiokota kitambaa mwenyewe, akakikung'uta vumbi. "Na sasa nimezungumza na mwenyekiti wa Nyota. Ġuża alimwahidi nyumba hii. Iwe ukumbi wao. Watapaka mlango bluu. Bendera itakaa juu ya paa mwaka mzima, mbele ya dirisha la jiko lako."

Hapo ndipo uso wa Ġiljana ulipobadilika. Mpaka wakati huo alikuwa amejizuia vizuri. Hata neno mauaji halikumtikisa.

"Nyumba ya babu yangu!" alipiga kelele. "Awape wale mbwa nyumba ya babu yangu! Nimemwosha miguu yake miaka sita, nimemkata kucha zake, halafu ananiambia, mwanangu, wewe una ya kwako, hii nimewapa Nyota! Na mimi nimeshamwahidi Etienne, wageni wameshaandikwa, yule Mholanzi ameshapanga mpaka keki! Nilimwambia, shangazi, watu wanakuja kutoka duniani kote kuona mawe haya, tutakuwa watu. Akacheka. Alikuwa ameinama kisimani anateka maji ya maua yake, akacheka humo ndani, kikarudi kicheko chake kutoka chini. Nikamsukuma."

Sajini aliacha kuandika.

"Alikuwa hai," Inspekta alisema.

"Aliniita. Aliniita kwa jina la utotoni. Nikarudisha kifuniko nikaenda kuwasha redio."

"Na mkate?"

"Mkate gani?"

"Mkate wa kila asubuhi. Na supu. Ulivipeleka wapi?"

Ġiljana alimtazama kana kwamba hilo ndilo swali la ajabu kuliko yote. "Nilikula mimi. Nilikaa pale jikoni nikala. Ningevitupa?"

Inspekta alikwenda dirishani akalifungua, akasimama akiwapa mgongo.

"Ungeweza kupona," alisema bila kugeuka. "Kwa kitambaa hiki. Alfajiri, gizani, hakuna mtu barabarani."

"Nilikitoa kashani," Ġiljana alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, na ndani yake kulikuwa na kitu kibaya sana, kulikuwa na fahari. "Ijumaa ile. Nilikitoa nikakibeba mpaka ngazini. Nikajua kabisa kwamba lazima nikitundike. Nikasema, haiwezekani. Kila kitu nitafanya, lakini mimi kutundika bluu, kwa mikono yangu hii, haiwezekani. Nikakirudisha. Inspekta, nakuomba kitu kimoja. Katika maandishi yako usiseme kwamba nilikigusa. Mume wangu atasikia."

"Mtoe," Inspekta alimwambia Sajini. "Mtoe upesi, kabla sijasahau kazi yangu."

Saa tano, kabla hakimu hajaketi, Wistin aliachiwa. Watu wa Nyota waliokuwa mlangoni mwa kituo na mayai yao walimpisha, wengine wakimpigapiga bega, wakinuka bia ya jana. Hakuwajibu. Inspekta alimrudisha Wileġ kwa gari lake mwenyewe, na walipofika mbele ya nyumba ya Ġuża alisimamisha, akatoa kitambaa kiti cha nyuma.

"Mzee, jeneza linakuja kesho na roshani iko tupu. Ndugu yake pekee unajua alipo. Klabu yake tangu asubuhi wanabishana nani abebe nani asibebe. Nataka umtundikie wewe."

Wistin alikitazama kile kitambaa cha bluu, kisha akamtazama Inspekta, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Inspekta," alisema, "umeniokoa roho, na nikifa nitakuombea huko niendako. Lakini hicho, hapana. Mwite mtu mwingine."

Lukrezia Portelli hakubishana naye. Alimtazama mzee huyu mwema, asiye na hatia, mwenye mikono yake miwili nyuma ya mgongo. Akaitoa ngazi ya mbao uani mwa marehemu mwenyewe, akaiegemeza ukutani, akavua viatu, akaanza kupanda na kitambaa begani. Ngazi ilikuwa ya zamani, ikayumba.

Wistin aliisogelea. Aliikamata kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wa vidole vitatu, akaibana kwa goti isitikisike, na uso wake akaugeuzia upande wa kanisa ili asione kinachofanyika huko juu.

"Ncha ya kushoto iko chini," alisema baada ya kitambo, bila kugeuka. "Yeye alikuwa akiifunga juu zaidi."